Likizo Bila Sikukuu: Waafrika Mashariki na Desemba ya Ugenini

Katika Kiswahili, likizo na sikukuu ni maneno yanayokaribiana kimatumizi lakini hayabebi maana moja, na tofauti yake ndiyo njia fupi ya kuelewa kinachompata mtu wa Afrika Mashariki anayeukuta mwezi wa Desemba akiwa Ulaya au Amerika ya Kaskazini. Likizo ni muda ambao mwajiri au shule humruhusu mtu kutofika kazini au darasani, nayo humhusu yeye na aliyemruhusu, hata aweza kuimaliza amelala. Sikukuu, kama jina lenyewe linavyosema, ni siku iliyo kubwa kuliko nyingine, na ukubwa wake hutokana na wajibu: kuna wazee wa kuamkiwa, kuna mnyama wa kuchinjwa, kuna mchele wa kuchambuliwa, kuna makaburi ya kufyekewa majani, na kila kazi katika hizo ina mtu wake. Nyumbani mambo hayo mawili huja pamoja, kwa hiyo wengi hawapati sababu ya kuyatenganisha. Ughaibuni, yaani katika nchi za mbali ambako mtu amekwenda kuishi, hutengana, na mtu hujikuta ana likizo isiyo na sikukuu, au ana sikukuu isiyo na likizo, na mara nyingine hana hata moja.

Wajibu huo huonekana wazi kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Kuanzia katikati ya Desemba mabasi yanayotoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Rombo hujaa, tiketi hutafutwa siku nyingi kabla, na barabara za vijijini ambazo mwaka mzima hupitwa na watu wachache huanza kujaa magari yaliyotoka mikoa mingine. Watanzania husema kwamba Mchaga hurudi kwao mwisho wa mwaka “kuhesabiwa”, na ingawa msemo huo hutolewa kwa utani wa makabila, ndani yake mna ukweli ambao utani wenyewe hauufichi. Kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba na kurithiwa ndani ya ukoo, ndimo walimozikwa waliotangulia, na mtu anayefika hapo mwezi wa Desemba anahesabiwa na walio hai na pia anasimama mbele ya makaburi ya wale waliomtangulia. Pombe ya mbege, inayotengenezwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, huanza kushughulikiwa siku kadhaa kabla ya sherehe. Asubuhi ya siku yenyewe wanawake hukaa kwenye vigoda wakimenya ndizi mbichi za mtori, yaani supu nzito ya ndizi na nyama, mikono imepakwa mafuta ili utomvu usigande, huku wanaume wakiwa nyuma ya nyumba na mbuzi, na watoto wakitumwa maji, chumvi, kisu kingine, sufuria ya jirani. Hakuna anayekaa bure, na hata mgeni aliyeingia dakika kumi zilizopita hukabidhiwa ndizi na kisu.

Siku hizo ndizo pia siku za vikao. Kwa kuwa ukoo mzima hukutana mara moja tu kwa mwaka, yanayohusu ukoo mzima husubiri Desemba: mpaka wa shamba unaobishaniwa, mtoto wa marehemu anayehitaji ada, ndugu wawili wasiozungumza tangu Pasaka. Miongoni mwa Wachaga jani la sale, mmea wa kijani kibichi unaopandwa pia kwenye mipaka ya vihamba, hupelekwa na anayeomba msamaha, na si rahisi kulikataa. Nchini Kenya mambo hayatofautiani sana, kwa maana Nairobi hupungukiwa na watu kila Desemba wakati wenyeji wa magharibi mwa nchi, wa Nyanza na wa Mlima Kenya wanapokwenda “ushago”, neno la mtaani lenye maana ya kijijini kwa wazazi, na huko nako chapati husukumwa na watu wengi na mambo ya ardhi huzungumzwa wakati watu wangali na shibe. Asiyekuwepo, kwa hiyo, hakosi nyama peke yake. Hukosa kiti katika kikao, na mara nyingi huletewa uamuzi ambao tayari umekwisha kupita.

Sababu za kutokuwepo ni nyingi kuliko zile zinazodhaniwa na walio nyumbani, ambao hupenda kufikiri kwamba aliye “majuu”, yaani ughaibuni, hakuja kwa sababu hakutaka. Ya kwanza ni nauli, kwa sababu Desemba ni kilele cha msimu wa usafiri wa anga na bei ya tiketi hupanda kwa kadiri ambavyo wengi wanataka kusafiri wakati mmoja. Mwanafunzi anayelipiwa na mfuko wa masomo, au anayefanya kazi ndogondogo za saa chache kwa juma, hawezi kuimudu kila mwaka. Huyo ndiye wa kwanza, mwenye likizo bila sikukuu. Vyuo vya Marekani hufungwa kwa majuma matatu au zaidi kati ya Desemba na Januari, na vingi hufunga mabweni pia, ikawa mwanafunzi wa kigeni anatakiwa aombe ruhusa maalumu ya kubaki au atafute pa kulala, na hata anapobaki hulikuta jengo la vyumba mia mbili likiwa na taa tatu zinazowaka.

Wa pili ni mfanyakazi, na hasa mfanyakazi wa sekta ya afya na matunzo ya wazee, ambaye ana sikukuu bila likizo. Uingereza ilifungua viza kwa wahudumu wa wazee mwezi Februari 2022, na watu wengi kutoka nchi za Afrika wakaitumia nafasi hiyo, wakiwemo Wakenya. Kisha kuanzia tarehe 11 Machi 2024 wahudumu wapya wakazuiwa kwenda na wenzi au watoto wao, na Julai 2025 ajira mpya za kutoka nje ya nchi zikafungwa. Matokeo yake ni kwamba wapo akina mama walioacha watoto wadogo kwa bibi zao na sasa, tarehe 25 Desemba, wanawaogesha na kuwalisha wazee wa watu wengine ambao watoto wao nao wako mbali. Mwenye watoto hapo mjini huomba kupumzika siku hiyo, asiye nao hupangiwa zamu, na kwa kuwa baadhi ya waajiri hulipa zaidi siku za sikukuu, wengi huipokea zamu hiyo na kuituma nyongeza hiyo nyumbani. Watanzania wamezoea kuziita kazi za mikono za ughaibuni “kubeba maboksi”. Kazi hii ni nzito kuliko boksi, kwa sababu anayebebwa ni binadamu, na inastahili jina lenye heshima zaidi.

Wa tatu ni yule ambaye mlango umefungwa nyuma yake. Nchini Marekani, mtu aliyeomba ukaazi wa kudumu akiwa ndani ya nchi na akasafiri nje bila kibali cha awali kwa kawaida huhesabiwa kuwa ameliacha ombi lake, hata kama amekwenda kumzika mzazi. Mkimbizi yuko mbali zaidi na hapo. Maelfu ya Wakongo wa mashariki, wengi wao wakizungumza Kiswahili na baadhi wakiwa wameishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, wamepelekwa kuishi Marekani, na leo Kiswahili chao husikika katika shule na hospitali za Louisville na Lexington, jimboni Kentucky. Kwao, “kwenda nyumbani Krismasi” ni sentensi isiyo na mahali pa kuishia, kwa sababu ndugu mmoja yuko Nyarugusu, mwingine Bujumbura, mwingine Iowa, na kijiji chenyewe hakikaliki.

Hali hii haikuanza na kizazi cha simu za mkononi. Jomo Kenyatta alikaa Ulaya, zaidi Uingereza, kuanzia mwaka 1931 hadi 1946 bila kurudi Kenya, na wakati wa Vita Kuu ya Pili aliishi Storrington, kijiji cha kusini mwa Uingereza, akifanya kazi za shambani. Julius Nyerere aliyapitia majira matatu ya baridi huko Edinburgh, Scotland, alipokuwa akisoma chuo kikuu kati ya mwaka 1949 na 1952, katika mji ambao mwezi wa Desemba jua lake huzama kabla ya saa kumi alasiri, na yeye alikuwa ametoka Butiama, karibu na Ziwa Viktoria, ambako siku na usiku hukaribiana urefu mwaka mzima. Mwaka 1959 mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya alianzisha mpango wa kuwasafirisha vijana kwenda vyuo vya Marekani, na ndege ya kwanza ya mwezi Septemba mwaka huo iliwabeba wanafunzi 81. Mwaka uliofuata Wangari Maathai, mwanamazingira wa baadaye, wakati huo binti wa miaka 20 kutoka Nyeri, alifika katika chuo cha masista wa Kibenedikto mjini Atchison, jimbo la Kansas, na hakurudi Kenya hadi mwaka 1966. Hii ina maana kwamba tarehe 12 Desemba 1963, bendera ya Kenya huru ilipopandishwa Nairobi, yeye alikuwa Kansas katika majira ya baridi. Barua za ndege, zile karatasi nyepesi za buluu zilizokunjwa zikawa bahasha zenyewe, zilichukua majuma kufika, na salamu za Krismasi ziliandikwa Novemba na majibu kusomwa Januari. Kizazi hicho kilijua kwamba kimekwenda na hakitarudi mpaka kimalize, na labda ujuzi huo ulikipa namna ya utulivu ambao kizazi cha leo, kinachomwona mama yake kwenye kioo cha simu lakini hakimfikii, hakinao.

Ugumu wa kwanza ni huo wa umbali; wa pili ni wa mwili wenyewe. Watu wa pwani wana neno kipupwe, linalotaja msimu wa ubaridi wa kati ya mwaka, na wengi huondoka nyumbani wakidhani kwamba baridi ya kaskazini ni kipupwe kilichozidi. Desemba ya nyumbani ni ya pepo za kaskazi, joto na maembe yaliyorundikwa kando ya barabara, na Krismasi katika kumbukumbu ya mtoto wa Tanga au Morogoro ni siku ya jua. Kule, jua ndilo linaloadimika kwanza. Tarehe 21 Desemba jijini London jua huchomoza kama saa 2:04 asubuhi na kuzama kama saa 9:53 alasiri, jijini Stockholm huzama kabla ya saa 9 kamili, na huko Tromsø, kaskazini mwa Norwei, halichomozi kabisa kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari. Mtu anayeingia kazini saa 1 asubuhi na kutoka saa 11 jioni anaweza kupitisha juma zima bila kuuona mchana isipokuwa dirishani.

Mwaka 1984 daktari wa akili Norman Rosenthal na wenzake katika taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani walieleza kitaalamu hali inayoweza kuitwa sonona ya majira, yaani huzuni nzito inayomrudia mtu kila majira ya baridi na kuondoka jua linaporejea. Dalili zake ni usingizi usiokwisha, hamu kubwa ya vyakula vya wanga, uchovu na kujitenga na watu. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba mwanga unaoingia jichoni ndio unaoiweka sawa saa ya ndani ya mwili na kuzuia melatonini, homoni inayotolewa gizani kuuandaa mwili kulala, hivyo mwanga unapopungua saa hiyo hupoteza mpangilio. Tiba mojawapo ni kukaa asubuhi, kwa takriban nusu saa, mbele ya taa maalumu yenye mwanga wa lux 10,000, lux ikiwa kipimo cha mwanga unaoangukia juu ya kitu. Kutoka nje mchana, hata siku ya mawingu, nako husaidia. Ngozi nyeusi ina jambo lake pia, kwa maana hutengeneza vitamini D taratibu zaidi kwa mwanga uleule, na ndiyo sababu mamlaka za afya za Uingereza huwashauri watu wote wafikirie kumeza mikrogramu 10 za vitamini hiyo kila siku katika majira ya kupukutika majani na ya baridi, na wenye asili ya Afrika wafikirie kufanya hivyo mwaka mzima. Yafaa walio nyumbani wayajue haya. Kijana anayeacha kupokea simu mwezi wa Desemba huenda hajawa na kiburi wala hajawasahau wazazi, na neno la kwanza la kumwambia ni kumuuliza kama analala na kama anatoka nje, na hali ikizidi, kumsihi amwone daktari.

Kisha nchi hufungwa. Hili huwashangaza wengi mwaka wa kwanza, kwa kuwa sikukuu ya nyumbani ni siku ya watu kujaa barabarani, na Krismasi ya kaskazini ni siku ya watu kuingia ndani na kufunga mlango. Huko Uingereza treni za abiria hazitembei tarehe 25 Desemba, wala treni za chini ya ardhi za London, na sheria ya mwaka 2004 inayakataza maduka yenye zaidi ya mita za mraba 280 katika England na Wales kufunguliwa siku hiyo. Mhudumu wa wazee mwenye zamu ya alfajiri analazimika kupanga mapema atakavyofika, la sivyo atatembea kwa miguu. Nchini Ujerumani siku yenyewe ni jioni ya tarehe 24, ambapo maduka hufungwa ifikapo saa 8 mchana, na tarehe 25 na 26 zote ni sikukuu za taifa. Mwaka 2026 tarehe 25 inaangukia Ijumaa, kwa hiyo baada ya sikukuu hizo mbili huja Jumapili, ambayo nayo ni siku ya maduka kufungwa, na asiyenunua unga na mafuta Alhamisi kabla ya saa 8 atasubiri hadi Jumatatu. Katika nchi za Skandinavia pia jioni ya tarehe 24 ndiyo kubwa, na mgeni anayejiandaa kwa tarehe 25 hukuta wenyeji wamekwisha kula.

Kimya hicho humkuta pia asiye Mkristo. Mwislamu wa Zanzibar au Mombasa aliyeko Toronto hana Krismasi ya kukosa, lakini ofisi imefungwa, wenzake wamekwenda kwao, na mji mzima unamwambia kwamba hii ni siku ya kuwa na watu wako. Sikukuu zake mwenyewe hufuata mwezi mwandamo na hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na mwaka 2030 Ramadhani itaanza mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba, hivyo funga itaingia katika siku fupi za baridi, daku ikawa si lazima iwe ya alfajiri mno na futari ikaliwa alasiri.

Dhidi ya yote hayo watu wamejitengenezea njia, na njia zilizofaulu zina jambo moja la pamoja, nalo ni kugawana kazi. Mfululizo wa mikusanyiko huanza mapema: vyama vya Watanzania hukutana karibu na tarehe 9 Desemba, siku ya uhuru wa Tanganyika wa mwaka 1961, na Wakenya karibu na tarehe 12, Siku ya Jamhuri, mara nyingi katika kumbi za makanisa zinazokodishwa kwa bei nafuu. Makanisa yenyewe ni nguzo. Katika eneo la Minneapolis na Saint Paul, ambako Walutheri wa Minnesota wana ushirika wa muda mrefu na Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) unaojulikana kwa jina la Bega kwa Bega, Kiswahili si lugha ngeni kanisani, na mtu aliyefika na kitabu chake cha nyimbo cha Mwimbieni Bwana hupata wa kuimba naye sauti ya pili. Kwaya ni dawa kuliko karamu, kwa sababu karamu ni ya siku moja na kwaya huanza mazoezi Oktoba, na asiyefika mazoezini hutafutwa. Hapo ndipo kuhesabiwa kunaporudi.

Jikoni nako kuna elimu yake. Pilau ya Krismasi inayopikwa katika nyumba ya wanafunzi sita wenye jiko moja huanza na kutafuta bizari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga katika duka la Wahindi, na tui la nazi katika kopo, kwa sababu hakuna mbuzi ya kukunia wala nazi iliyokomaa. Kisha vitunguu hukaangwa. Nyumbani mpishi huviacha mpaka vikawa rangi ya kahawia iliyoiva, kwa kuwa rangi ya pilau hutoka hapo. Kule, vitunguu vikianza tu kugeuka, kengele ya moshi iliyo darini hupiga kelele nyumba nzima, na mmoja husimama juu ya kiti akiipepea kwa taulo, mwingine hufungua dirisha baridi ikaingia, wa tatu hubaki akikoroga ili vitunguu visiungue. Kufika hapo, watu watatu wamekwisha kupata kazi, na Mkorea au Mbrazili wa chumba cha jirani amekuja kuuliza kuna nini na amepewa kitunguu saumu akitwange. Ndizi za mtori hutafutwa katika maduka ya Waasia au ya watu wa Amerika ya Kusini, na mpishi aliyezoea hujua kwamba mzuzu, ile ndizi kubwa inayouzwa kila mahali, haifai mtori kwa kuwa ni ngumu na ina utamu, na kwamba ndizi ya kawaida iliyo mbichi kabisa ndiyo iliyo karibu na ya Machame, kule Kilimanjaro. Tahadhari moja lazima itajwe hapa: mkaa usiwashwe kamwe ndani ya nyumba, wala gereji, kwa ajili ya nyama choma au kwa kuota, kwa sababu katika nyumba zilizozibwa dhidi ya baridi hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, hukusanyika na kuua watu wakiwa usingizini.

Kuhusu fedha, ukweli ni kwamba Desemba ni mwezi wa mzigo. Kwa takwimu za Benki Kuu ya Kenya, Wakenya walioko nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9 mwaka 2024, na tangu M-Pesa ilipoanzishwa nchini humo mwezi Machi 2007 na baadaye kuunganishwa na huduma za kutuma fedha za kimataifa, pesa iliyotumwa kutoka Dallas huweza kufika kwenye simu ya mama kijijini kabla chai haijapoa. Ni jambo jema lililookoa wengi. Lakini kasi hiyo imebadilisha pia mazungumzo, kwani mbuzi, mchele, nguo za watoto na nauli za ndugu kutoka mjini huombwa katika majuma yaleyale, na nyuma yake inasubiri Januari ya ada za shule, ile ambayo Wakenya huiita Njaanuari. Mtumaji hulipia sikukuu asiyoiona. Picha ya mbuzi hufika siku inayofuata, na mara nyingi hakuna anayekumbuka kumweleza nani alimchinja, nani alikosewa katika mgawo, nani alicheka mpaka akalia. Kumwomba mtu fedha na kumnyima habari ni kumhesabu kwa nusu.

Hapo ndipo familia zilizo nyumbani zina uwezo mkubwa kuliko zinavyojua. Simu inayopigwa wakati watu wamekwisha kula, ikapitishwa mkono hadi mkono kila mmoja akisema “hujambo, tumekukumbuka”, huacha upweke zaidi ya ule iliyoukuta, kwa sababu humwonyesha mtu meza ambayo haina kazi yake. Simu inayopigwa asubuhi, ikaegemezwa kwenye gogo karibu na wanaomenya ndizi na kuachwa hapo saa nzima bila mtu kulazimika kuzungumza, humrudisha kikaoni. Aliye mbali anaweza kupewa kazi halisi: asome somo la ibada ya familia, awasimulie watoto habari za babu, aandike majina ya waliofika, awe katibu wa kikao cha ukoo na kumbukumbu zikae kwake. Na kikao kinachohusu ardhi kisifungwe kabla sauti yake haijasikika, kwa maana teknolojia ya kuisikia ipo mfukoni mwa kila kijana aliyekaa chini ya mgomba.

Inahitajika tu kupatana saa ya kikao. Tarehe 25 Desemba, saa 11 jioni ya Moshi ni saa 8 mchana London, ni saa 9 alasiri Berlin, na ni saa 2 asubuhi Minneapolis. Wote wako macho.